Ajali ya Three Mile Island

Ajali ya Three Mile Island ilitokea tarehe 28 Machi 1979 katika tanuri la pili la kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, karibu na mji wa Harrisburg, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Karibu nusu ya kiini cha tanuri iliyeyuka. Hakuna mtu aliyekufa papo hapo, na mnururisho uliotoka nje ulikuwa mdogo. Hata hivyo ndiyo ajali kubwa kuliko zote katika vituo vya umeme wa nyuklia nchini humo. Hutajwa mara nyingi kama mfano wa jinsi mafunzo, vifaa na mpangilio wa kazi vinavyoweza kumpotosha mfanyakazi.

Mwenendo wa ajali

Saa 10 alfajiri pampu zinazopeleka maji kwenye mitambo ya mvuke zilisimama. Tanuri lilijizima lenyewe jinsi ilivyopangwa. Vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka, lakini haikujifunga tena, na maji ya kupoza tanuri yakaanza kupotea. Pampu za akiba ziliwaka, lakini vali za mabomba yake zilikuwa zimeachwa zimefungwa. Jambo hilo liligunduliwa baada ya dakika 8.

Makosa ya kibinadamu na chanzo chake

Katika chumba cha udhibiti, taa ya vali iliyokwama ilizimika, na wafanyakazi wakaamini imefungwa. Kumbe taa hiyo ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Haikuonyesha hali ya vali yenyewe.

Hapakuwa na kifaa cha kupima kina cha maji ndani ya tanuri. Wafanyakazi walitegemea kipimo cha tangi la kudhibiti shinikizo, nacho kilionyesha maji mengi kwa sababu mvuke uliotokea ndani ya tanuri uliyasukuma huko. Kwa kuwa walifundishwa kutoruhusu tangi hilo lijae kabisa, walipunguza maji ya dharura. Wakati huohuo kengele na taa za tahadhari zaidi ya 100 ziliwaka pamoja, bila kutofautisha jambo kubwa na dogo.

Uvujaji ulizuiwa baada ya saa mbili na dakika ishirini hivi, pale msimamizi aliyewasili asubuhi alipoagiza bomba hilo lifungwe kwa vali nyingine.

Uchunguzi

Rais Jimmy Carter aliunda tume iliyoongozwa na mwanahisabati John Kemeny. Tume ilikiri kwamba wafanyakazi walikosea, lakini ilieleza kuwa walikosea kutokana na mafunzo hafifu, maelekezo yasiyo wazi na chumba cha udhibiti kilichopangwa vibaya. Vali ya aina hiyo ilikuwa imekwama pia mwaka 1977 katika kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, na huko nako wafanyakazi walipunguza maji. Onyo hilo halikuwafikia wenzao wa Pennsylvania.

Matokeo

Baada ya ajali, vituo vilianza kuwafundisha wafanyakazi katika vyumba vya kuigiza vinavyofanana na chumba chao cha kazi. Maelekezo ya dharura yaliandikwa upya ili yafuate dalili zinazoonekana, hata kabla chanzo cha hitilafu hakijajulikana. Mwaka 1979 makampuni ya umeme yaliunda taasisi ya INPO ili yakaguane na kupashana habari za hitilafu.

Tanuri la pili halikuwashwa tena. Tanuri la kwanza lilirudi kazini mwaka 1985, likafungwa mwaka 2019.