Jivu, Magadi na Beking Pauda: Historia ya Mbadala wa Hamira

Beking pauda ilibuniwa ili ishike nafasi ya kitu kingine. Mpishi aliyekosa hamira, au aliyekosa muda wa kuingoja, alihitaji namna nyingine ya kuumua unga. Kati ya miaka ya 1790 na 1890 wapishi, wafamasia na wanakemia wa Marekani na Ulaya waliitafuta namna hiyo, kila mmoja akirekebisha kasoro ya aliyemtangulia, hadi ukapatikana unga mweupe ambao leo huuzwa katika maduka ya Mombasa na Mbeya.

Kabla ya hapo kazi yote ilifanywa na chachu hai. Wapishi wa Ulaya waliichota kwa wapika bia, katika povu la mapipa. Wareno waliokaa Goa walitumia tembo la mnazi kuumulia mikate yao, na katika pwani ya Afrika Mashariki tembo hilohilo lilifahamika kwa kazi hiyo. Chachu hula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi, nayo hewa hiyo hunaswa ndani ya kinyunga na kukivimbisha. Lakini kiumbe hai kina masharti yake: baridi hukichelewesha, joto kali hukiua, na sukari na siagi zikizidi hukilemea. Kwa sababu hiyo keki ilitegemea zaidi mayai, ambayo yalipigwa kwa mkono kwa muda mrefu hadi yakajaa hewa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na aliyeibeba ni mwanamke wa jikoni au mtumishi wake.

Mbadala wa kwanza ulitoka mekoni. Walowezi wa Amerika Kaskazini walifyeka misitu na kubaki na majivu mengi mno. Majivu yalimiminiwa maji, maji yakachujwa, kisha yakachemshwa katika sufuria kubwa la chuma hadi yakakauka na kuacha masalio meusi. Masalio hayo yakichomwa tena tanuruni yalitoa unga mweupe, ambao kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya potasiamu. Unga huo ulikuwa mali: hataza ya kwanza kabisa ya serikali ya Marekani, iliyotolewa tarehe 31 Julai 1790 kwa Samuel Hopkins, ilihusu njia bora ya kuutengeneza. Miaka sita baadaye Amelia Simmons alichapisha Hartford kitabu chake American Cookery, na humo unga wa majivu umeagizwa kutiwa katika biskuti na keki za tangawizi.

Afrika Mashariki ina ndugu wa unga huo. Magharibi mwa Kenya majivu ya maganda ya maharage huchujwa kwa maji, na maji hayo hulainisha mboga za kienyeji. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa hufanya kazi hiyohiyo katika maharage na mlenda. Kikemia, majivu na magadi ni watu wa ukoo mmoja, ingawa huku kazi yake kubwa imekuwa kulainisha.

Kasoro ya unga wa majivu ilijulikana mapema. Ukikutana na mafuta hutengeneza sabuni, na keki hunuka hivyo. Dawa yake ni asidi, ambayo huugeuza unga huo na papo hapo hutoa hewa inayohitajika. Wapishi wakauchanganya na maziwa yaliyoganda au molasi. Kisha ikaja magadi soda, yaani baikaboneti ya sodiamu, yenye ladha pole zaidi. Nicolas Leblanc alikuwa amefungua njia mwaka 1791 kwa kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, na mwaka 1846 John Dwight na Austin Church wakaanza kutengeneza na kuuza magadi soda huko New York.

Hata hivyo tatizo la asidi lilibaki palepale. Maziwa ya jana hayana uchachu sawa na ya leo. Asidi ikipungua, magadi soda inayobaki hugeuzwa na joto kuwa magadi ya kufulia: kitafunwa hupata rangi ya manjano, huwahi kuwa kahawia kabla ya kuiva ndani, na huacha uchungu ulimini. Aliyewahi kuzidisha magadi soda katika maandazi anaijua dalili hiyo.

Ilihitajika asidi kavu inayopimika. Ya kwanza ilikuwa krimu ya tartari, chumvi chachu inayoganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, aliitafuta njia kwa sababu ya nyumbani kwake: mkewe Elizabeth hakuweza kula mayai wala hamira. Mwaka 1837 Bird alimtengenezea kastadi ya wanga wa mahindi isiyo na yai, na mwaka 1843 akachanganya beking pauda. Hakuna mfano bora wa mbadala uliotokana na kumjali mlaji mmoja, kisha ukawafaa wengi. Katika Vita vya Krimea poda yake ilitumika kuwapatia wanajeshi wa Uingereza mkate mpya.

Krimu ya tartari ilikuwa ghali, na Marekani iliiagiza kutoka Ulaya. Eben Horsford, profesa wa Harvard aliyesoma Ujerumani kwa Justus von Liebig, alipata hataza mwaka 1856 ya asidi ya fosfeti iliyotokana na mifupa ya wanyama. Wengine walitumia shabu, iliyokuwa rahisi zaidi, na hapo ugomvi wa kibiashara ukazuka. Jimbo la Missouri lilipiga marufuku poda ya shabu mwaka 1899. Baadaye zikafichuka rushwa zilizohusu marufuku hiyo, na makamu wa gavana wa jimbo hilo akajiuzulu mwaka 1903. Ujerumani kazi ilikwenda kwa utulivu zaidi: August Oetker, mfamasia wa Bielefeld, alianza mwaka 1891 kuuza vifuko vilivyopimwa, kila kimoja kikitosha gramu 500 za unga.

Kwa kuwa beking pauda ni magadi soda, asidi kavu na wanga wa kuzuia unyevu, nayo hupata mbadala kirahisi. Mahali pa kijiko kimoja cha chai hutosha robo kijiko ya magadi soda na nusu kijiko ya krimu ya tartari. Isipokuwepo, robo ileile hutiwa pamoja na nusu kikombe cha mtindi, na maji au maziwa ya kipimo yakapunguzwa kwa kiasi hicho. Mchanganyiko huo haungoji: hewa huanza kutoka mara tu majimaji yanapogusa magadi soda, kwa hiyo lazima uende motoni upesi.

Mahali ambapo mbadala huu haujaishinda hamira ni katika mahamri na mkate wa kumimina. Beking pauda huvimbisha, lakini haitoi ladha wala harufu inayotokana na saa za kuumuka, na anayetaka mahamri yenye ladha hiyo hana budi kungoja.