Ngoma ya Beni: Mavazi, Vyeo na Nyimbo za Dhihaka

Leo tutasoma habari za nyimbo za kuchekesha zilizozaliwa na mavazi.

Mwaka 1960, huko Ujerumani, wimbo uliopendwa sana ulimhusu msichana aliyevaa bikini, yaani nguo ndogo ya kuogelea, akaona haya kutoka mbele za watu. Wimbo huo asili yake ni Marekani. Lakini kwetu mchezo wa namna hii ulikuwako zamani zaidi, tena ulikuwa mkali.

Uliitwa Beni. Neno lenyewe ni «bendi». Ulianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Watu walitazama bendi za askari wa Kizungu, wakaiga ngoma, tarumbeta, hatua na nguo. Mombasa palikuwa na vyama viwili, Kingi na Scotchi. Katika Tanganyika, tangu utawala wa Wadachi, vilivuma Marini na Arinoti.

Kila chama kilikuwa na vyeo: Kingi, Jenerali, Kapteni, Hakimu. Mtu aliyepika chakula cha bwana wake mchana, jioni aliweza kuwa Kapteni, na watu wakampigia saluti! Siku ya mashindano haikutosha wewe kupendeza. Ilikuwa lazima mwenzako aonekane hafai. Basi waliimba kwa mafumbo, wakijisifu wao na kuwadharau wapinzani, na mji mzima ukacheka.

Vita vya 1914 hadi 1918 vikaieneza Beni. Askari na wapagazi waliichukua bara, hata Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kicheko hicho kilikuwa na gharama. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, lilipata barua za wasomaji waliolalamika kwamba fedha zinateketea katika Beni. Nao Wazungu walitia shaka: watu hawa wanatusifu au wanatucheka? Tena, mbona wana majenerali wao? Serikali ikawapeleleza. Mimi naona walisifu na kucheka pamoja. Mtu huiga nguo za mwenye nguvu kwa sababu anazitamani, tena kwa sababu zinachekesha.

Baadaye Beni ilififia. Lakini mkishuka kutoka huko Igowole, mkapita Njombe mpaka Ziwa Nyasa, mtakuta mganda, ambao ni ndugu yake. Wachezaji hupanga safu kama askari, nguo zao nadhifu. Badala ya tarumbeta za shaba, hupuliza vibuyu.