Amri ya 1999 na Msumeno wa Mnyororo

Ukimtajia Gikomba mwanachama aliyetoka Nairobi, atawaza nguo, kama sisi tunavyowaza nguo tukisikia Shahe. Lakini Gikomba kuna mbao pia, na swali langu ni dogo: nani alizipasua?

Zamani mbao zilipasuliwa na watu wawili kwa msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni akila vumbi. Wapasuaji wa China ya zamani nao walikuwa wawili, ila waliliegemeza gogo mshazari badala ya kuchimba shimo. Kazi ilivunja mgongo, lakini msumeno ulikuwa mwembamba na unga ulikuwa kidogo.

Msumeno wa mnyororo ulizaliwa kwa kazi nyingine. Andreas Stihl alipotengeneza wa umeme huko Ujerumani mwaka 1926, ulikuwa wa kukata magogo vipande, si kuyapasua kwa urefu. Nchini Kenya, amri ndiyo iliyousukuma kwenye upasuaji. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu yake, viwanda vichache vikubwa vikiachiwa. Ujenzi haukusimama. Wanunuzi waligeukia mashamba ya Embu, Kirinyaga na Meru, kwenye mgrevilea, mti wa asili ya Australia ulioletwa kutilia kivuli kahawa na chai. Miti ilikuwa miwili hapa, mitatu kule, tena mitelemkoni. Lori lisingefika, mtu mwenye msumeno begani alifika. Kwa maoni yangu amri ile haikuzuia msumeno, iliuhamisha tu.

Na hasara ikahamia kwa mkulima. Mnyororo hula karibu milimita 9 kila unapopita, na ubao wa inchi 1 ni milimita 25. Kila mikato mitatu, basi, ubao mzima umekuwa unga. Tena mikono mitupu hainyooshi mstari: ubao huwa mnene huku, mwembamba kule, na bei yake hushuka. Mti umesubiriwa miaka 15 au zaidi!

Dawa ilikuwa fremu, ambayo watafiti wa KEFRI waliihimiza na fundi wa kuchomelea aliweza kuiunda. Mabomba mawili ya mraba huunganishwa sambamba na kubanwa kwa bolti kwenye upanga unaobeba mnyororo. Nafasi kati ya mabomba na upanga ndiyo unene wa ubao. Mkato wa kwanza una taabu kwa kuwa gogo ni duara, hivyo ngazi iliyonyooka hupigiliwa juu yake na fremu huteleza hapo. Baadaye uso uliokwisha kukatwa huongoza mkato unaofuata. Meno nayo hunolewa upya kwa pembe ya karibu digrii 10 badala ya 30, maana kupasua nyuzi za mti si sawa na kuzikata. Fremu haipunguzi unga wa kila mkato, lakini ubao hutoka sawa.

Marufuku mpya ya mwaka 2018 iligusa misitu ya umma na ya jamii. Mgrevilea wa shambani haukuwemo, na ngazi zikaendelea kupigiliwa juu ya magogo.