Kiki na Besi Zilivyojifunza Kupishana

Vijana wengi wanaoniletea biti zao nizimiksi wana lalamiko moja: "Kaka, kiki haipigi." Nikifungua mradi, mara nyingi nakuta kiki, ile ngoma nzito ya mguu, ni nzima kabisa. Kinachoizima ni besi iliyoikalia. Zote mbili zinaishi huko chini kabisa, kati ya mitetemo 40 na 100 hivi kwa sekunde, na zikilia kwa pamoja mawimbi yake ama yanajumlishana hadi spika inaguguma, ama yanafutana na nguvu yote inapotea. Kabla sijagusa kitu huwa nawasimulia kwanza mambo haya yalikotoka. Kila dawa tuliyonayo leo studio iligunduliwa na mtu aliyekuwa amebanwa na shida yake, na ukiijua ile shida unajua pia dawa hiyo inafaa lini.

Zama za santuri, besi ilikuwa inadai nafasi. Sindano inapochonga sauti nzito, mfereji unayumba kwa upana, kwa hiyo mifereji lazima iachane. Wimbo mrefu wenye besi nyingi hauenei kwenye santuri ya inchi 7 bila kupunguzwa sauti. Katikati ya miaka ya 1970 Tom Moulton, fundi wa miksi wa New York, alikwenda kuchongesha wimbo akaambiwa santuri tupu za inchi 7 zimekwisha. Wakamchongea kwenye kubwa zaidi, mifereji ikapata pa kutanuka, na sauti ikatoka nzito kuliko alivyozoea. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikaingiza madukani "Ten Percent" ya Double Exposure kwenye santuri ya inchi 12, miksi ikiwa ya Walter Gibbons. Kuanzia hapo kumbi za disko zikawa na rekodi zenye besi ya kweli.

Kiki ya kila pigo ilikuwa imeshatangulia. Earl Young wa Philadelphia aliipiga kwa mguu wake mwaka 1973 katika "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes, na disko nzima ikamfuata. Lakini Young alikuwa binadamu, na mpiga besi aliyekaa karibu naye pia. Walisikilizana. Mguu ukishuka, vidole vya mpiga besi vilijua vikawahi au vikasubiri. Tabu ilianza pale besi ilipokabidhiwa mashine, maana mashine haimsikilizi mwenzake.

Ndiyo maana naiheshimu sana kazi iliyofanyika Munich, Ujerumani, mwaka 1977. Giorgio Moroder na Pete Bellotte walikuwa studio ya Musicland wakimrekodia Donna Summer wimbo wa "I Feel Love". Walitaka kila chombo kitoke kwenye sintesaiza ya Moog, dude kubwa la makabati na nyaya lililokuwa linapoteza tyuni haraka, hata ikabidi warekodi vipande vifupivifupi. Robby Wedel, aliyekuwa analijua dude hilo, aliwaonyesha namna ya kulifunga lifuate tepu bila kuachana nayo. Besi ikawezekana. Kiki ikagoma: Moog haikuweza kutoa kishindo chenye kifua. Wakamwita mpiga ngoma, Keith Forsey, akaipiga kwa mguu tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo ambao ulimwengu unauita mama wa muziki wa mashine unatembea kwa mguu wa mtu.

Sasa sikiliza walivyozipanga, na tafadhali vaa hedifoni. Noti ya besi inalia upande wa kushoto, kisha mwangwi wake unalia kulia, umecheleweshwa kwa kiasi cha kudondokea katikati ya noti mbili. Kasi ya besi inakuwa maradufu bila mtu kuongeza noti hata moja. Kiki imebaki katikati peke yake. Noti zenyewe ni fupi, kila moja inakatika kabla haijamkera jirani. Hakuna aliyepunguza sauti ya mwingine. Kila mmoja amepewa mahali pake. Hadi leo sijaona mpangilio uliofanywa kwa akili zaidi ya huo.

Chicago nao waliifikia dawa yao kwa njia ya umaskini. Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma TR-808 mwaka 1980, na TR-909 mwaka 1983. Katikati ikaja TB-303, kisanduku kidogo cha kumsaidia mpiga gitaa afanye mazoezi bila mpiga besi. Kibiashara hazikufika mbali. Zikaishia kuuzwa mitumba kwa bei ya kutupa, na vijana weusi wa Chicago na Detroit ndio walioziokota. Frankie Knuckles, DJ aliyekuwa ameijengea jina klabu ya Warehouse, alinunua 909 kutoka kwa Derrick May wa Detroit akawa anaichezesha pamoja na rekodi zake ili kiki ishibe.

Kiki ya 909 inastahili kutazamwa kwa karibu. Inaanza na mgoto mfupi mkavu, kama kidole kinachogonga meza, kisha sauti inaporomoka kwa kasi kutoka juu hadi chini inakotulia na kufifia. Una vidhibiti vinne tu: kimo cha sauti, ukubwa wake, ukali wa ule mgoto na urefu wa mkia. Hapo mtayarishaji alikuwa na uwezo ambao Earl Young hakuwa nao, wa kuukata mkia wa ngoma pale besi inapotaka kuingia.

Mwaka 1987 kundi la Phuture, yaani DJ Pierre, Spanky na Herb J, likatoa "Acid Tracks" kupitia Trax Records. Ron Hardy alikuwa ameshaupiga kwenye klabu ya Music Box. Inasimuliwa kwamba usiku wa kwanza aliurudia mara nne ndipo watu wakaupokea. Wote husifia ule mlio unaojikunjakunja wa 303. Mimi nasikia jambo jingine. Ukiizidishia filta yake rezonansi mpaka ipige kelele, sauti ya chini inakonda. Besi imepanda ikaenda kuimba juu, na kiki ikaachiwa chini yote.

Dawa inayopendwa zaidi leo ilitoka redioni. Mtangazaji akifungua mdomo, kifaa kiitwacho kompresa kinaushusha muziki chenyewe, akinyamaza, unarudi. Studio walichukua kompresa hiyohiyo wakaifunga kwenye besi, amri ikatoka kwa kiki. Katika miaka ya 1990 Daft Punk wa Paris waliibana miksi nzima kwa Alesis 3630, kompresa ya bei rahisi kabisa, mpaka muziki ukawa unapumua. Mwaka 2004 Eric Prydz akaufanya upumuaji huo kuwa ndio wimbo wenyewe katika "Call on Me". Siku hizi programu ya FL Studio inakufanyia kwa kubofya mara chache, na vijana wanaiweka hata pale ambapo noti ya besi ingesogezwa kidogo tu na ugomvi ukaisha. Hilo linaniudhi kweli, kwa sababu besi inayoshushwa kila pigo inachoka, na msikilizaji anachoka nayo.

Hapa Dar es Salaam hesabu inabadilika kabisa. Kwenye mapigo 120 kwa dakika, besi inayoingia nusu ya pigo inasubiri milisekunde 250, na sauti ya mitetemo 50 inapata mawimbi 12 na nusu ya kujieleza. Singeli, muziki wa mitaa ya hapa, inakimbia kwa 200 na zaidi, wakati mwingine inakaribia 300. Kwenye 240 muda huo ni milisekunde 125, mawimbi sita na kidogo. Kiki ndefu ya Chicago haina pa kulala humo. Kompresa nayo haijamaliza kuiachia besi, pigo jingine limeshafika. Singeli ilitoka kwenye mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya Casio vilivyokuzwa kwa spika za mtaani, na kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, wenye spika walishazoea sauti kali kuliko nzito. Mkusanyiko wa *Sounds of Sisso*, uliotolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017, uliwafikishia watu wa mbali mwendo huo.

Kwa hiyo singeli ikija mezani kwangu, mkia wa kiki naukata hadi ibaki mgoto na kifua kifupi. Kama kuna kipande cha taarabu kilichoharakishwa, nakiondolea kila kitu kilicho chini ya mitetemo 150. Besi naibakizia noti chache, zile zinazodondoka kiki ikiwa imekwisha kupita, na mara nyingi prodyuza mwenyewe ndiye anayesema noti gani itoke, kwa sababu yeye ndiye aliyeona watu wakiicheza. Baada ya hapo naisikiliza kwenye sabufa ya nyumbani na kwenye simu, ndipo namrudishia faili.