Sufuria Iliyozaa: Historia Fupi ya Kazi za Kukaa Nyumbani

Mama mdogo wangu alinitumia ujumbe saa nne usiku, mwezi wa Ramadhani mwaka jana. "Mwanangu, wewe unasoma sana. Hebu niangalizie hii, ni kweli au uongo?" Chini yake palikuwa na picha ya tangazo: kazi ya saa moja kwa siku, ukiwa nyumbani kwako, ya kutazama video na kuzipa nyota hoteli ambazo hujawahi kulala. Malipo shilingi 25,000 hadi 60,000 kwa siku. Uzoefu hauhitajiki. Nafasi zimebaki 7.

Nilikuwa nimechoka, nimeshajilaza. Nikamjibu neno moja: "Matapeli." Hata shikamoo sikuiweka. Asubuhi nikaona tiki mbili za bluu na kimya.

Miezi miwili baadaye binamu yangu ndiye aliyeniambia yaliyotokea. Usiku ule mama mdogo aliponiuliza, walikuwa wameshamlipa. Shilingi 8,000 zilikuwa zimeingia kwenye simu yake mchana, za kweli, na alikuwa amezitoa kwa wakala akanunua tende na sukari za futari. Mimi nikamwambia ni uongo, na futari ilikuwa mezani. Wewe ungemwamini nani?

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu historia ya ahadi hizi, kwa aibu kuliko kwa udadisi. Na nimegundua kwamba hadithi yake tulikuwa nayo siku zote, tangu utotoni.

Mnaikumbuka ile ya Abunuwasi na jirani yake? Abunuwasi aliazima sufuria. Alipoirudisha, ndani aliweka kisufuria kidogo. Jirani akauliza, hiki nini? Abunuwasi akamwambia, sufuria yako ilikuwa na mimba, imezaa. Jirani akafurahi, akachukua vyote viwili. Baadaye Abunuwasi akaja kuazima tena, safari hii sufuria kubwa kuliko zote, na jirani akampa bila kusita. Siku zikapita. Jirani alipokwenda kuidai akaambiwa, pole sana, sufuria yako imefariki. Sufuria inakufaje? Kwani ilizaaje?

Tukiwa watoto tulimcheka jirani kwa upumbavu wake. Sasa nikiisoma upya naona kwamba jirani hakuwa mpumbavu hata kidogo. Alikuwa na ushahidi mkononi, chuma kitupu, kinachopigika na kulia. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuuliza kile kisufuria kimetoka wapi.

Swali hilo ndilo nililolibeba katika usomaji wangu.

Kwanza lazima niseme kwamba kazi ya kukaa nyumbani si uzushi. Pwani yetu imeishi nayo vizazi kwa vizazi. Wanawake wa Unguja, Pemba na Lamu wamesuka ukili barazani na kudarizi kofia huku chungu kiko jikoni, na fedha yake imesomesha watoto. Lakini angalia utaratibu wake. Msukaji anasuka, mkeka unauzwa, fedha inakuja. Mwenye fedha anajulikana: ni yule anayetaka kulalia mkeka au kuvaa kofia siku ya Idi.

Huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake maskini wa mashariki mwa London walikuwa wakitengeneza visanduku vya viberiti vyumbani mwao. Visanduku 144 walilipwa peni mbili na robo, na gundi na kamba walijinunulia wenyewe. Watoto walikaa sakafuni wakikunja karatasi hadi usiku. Mwaka 1906 yaliandaliwa maonyesho pale Queen's Hall, London, kuwaonyesha wenye uwezo jinsi bidhaa zao zilivyotengenezwa, na mwaka 1909 Bunge likapitisha sheria ya kuunda mabaraza ya kupanga kima cha chini cha mishahara katika baadhi ya kazi hizo. Ule ulikuwa unyonyaji mtupu. Ila haukuwa utapeli, maana mwisho wa mnyororo alikuwepo mtu anayenunua kiberiti.

Tofauti hii ni ya muhimu, na wengi tunaichanganya hata leo. Nchini Kenya maelfu ya vijana wamefanya kazi halisi za mtandaoni, kama kuwekea picha alama ili kompyuta zijifunze kutofautisha gari na mti. Mwezi Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliwafungia Wakenya mlango ghafla, na watu waliokuwa wakilitegemea wakaamka hawana kazi. Inauma. Lakini kazi ilikuwepo, na mnunuzi wake alikuwepo. Kazi mbaya na kazi hewa ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Kazi hewa ilishika kasi pale Marekani, hasa katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi baada ya 1929. Gazetini kulikuwa na matangazo madogo: jipatie kipato ukiwa nyumbani kwa kutia barua kwenye bahasha. Tuma dola kadhaa upate maelekezo. Mama wa nyumbani, mjane, mtu aliyefukuzwa kiwandani, anatuma dola zake za mwisho. Kinachorudi ni karatasi moja. Inamwambia: weka na wewe tangazo kama lile ulilolisoma, na watakaokutumia dola, watumie karatasi kama hii.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Hapakuwa na bahasha. Hapakuwa na kampuni yenye barua za kutumwa. Bidhaa pekee iliyokuwa ikizunguka ni tangazo lenyewe, na mshahara pekee ulikuwa dola ya mhitaji anayefuata. Aliyetapeliwa alipewa nafasi moja ya kurudisha hasara yake, nayo ni kumtapeli mwenzake.

Kabla ya hapo, mwaka 1920, mji wa Boston ulimshuhudia Charles Ponzi, mhamiaji kutoka Italia ambaye jina lake limebaki kuwa jina la mchezo. Hakutangaza kazi, alitangaza faida: asilimia 50 kwa siku 45. Maelezo yake yalikuwa na mantiki. Kulikuwa na kuponi za posta ambazo ungeweza kuzinunua kwa bei rahisi katika nchi ambayo fedha yake imeshuka, ukazibadilisha kwa stempu za thamani zaidi Marekani. Kuponi hizo zilikuwepo kweli. Na Ponzi alilipa kweli! Watu walipanga foleni nje ya ofisi yake wakiwaona kwa macho yao wenzao wakitoka na noti.

Aliyemkamata kwa hesabu ni mwandishi wa habari za fedha, Clarence Barron. Hakubishana kama Ponzi ni mwema au mwovu. Alikokotoa tu: kwa fedha zote alizokusanya, kuponi milioni 160 zingepaswa kuwa zinazunguka. Zilizokuwepo duniani zilikuwa kama 27,000. Basi. Kisufuria kimetoka wapi? Kimetoka kwa jirani wa pili. Agosti mwaka huo Ponzi akakamatwa, na mwaka 1949 akafa fukara katika hospitali ya hisani, Rio de Janeiro.

Nyumbani hatukukosa yetu. Nchini Kenya miradi ya upatu wa namna hiyo iliporomoka kwa mfululizo kati ya 2006 na 2007. Tanzania tulikuwa na DECI, ambayo haikutumia lugha ya benki, ilitumia lugha ya shamba na ya ibada. Watu hawakuwekeza, "walipanda mbegu". Hawakulipwa, "walivuna". Miongoni mwa viongozi wake walikuwemo wachungaji. Mwaka 2009 serikali iliingilia kati, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake kadhaa. Sisi tunaopenda lugha tuitafakari hiyo. Neno "mbegu" lilifanya kazi ambayo mhasibu asingeweza kuifanya, kwa sababu hakuna mkulima anayemuuliza Mungu hindi limetoka wapi.

Sasa turudi kwenye simu ya mama mdogo. Mchezo wa leo umeoa ukoo wote huu. Umechukua kazi hewa ya bahasha, ukachukua malipo ya mwanzo ya Ponzi, ukavaa nguo ya kazi ya ofisini. Unabofya, salio linapanda kwenye skrini. Unatolewa kidogo, unaamini. Kisha unaambiwa kuna kazi maalumu zenye malipo makubwa, ila lazima uweke kiasi kwanza. Ukiweka, salio linakua zaidi, lakini halitoki mpaka ulipe "kodi", au "ada ya kufungua akaunti". Kila unachoongeza ni kwa ajili ya kuokoa kile ulichokwisha weka. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipokea malalamiko ya aina hii yapatayo 5,000 mwaka mzima wa 2023, na katika nusu ya kwanza ya 2024 yakafika kama 20,000. Kwa hiyo si sisi peke yetu, wala si suala la kusoma au kutosoma.

Na anayeandika ule ujumbe wa "Habari dada, tuna nafasi" ni nani? Hapa ndipo usomaji wangu uliponinyima usingizi. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya Agosti 2023, ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na kama 100,000 Kambodia, wanashikiliwa na kulazimishwa kuendesha utapeli wa mtandaoni. Wengi walisafiri kwa hiari yao, kwa tiketi waliyotumiwa, wakifuata tangazo la kazi nzuri. Wakenya na Waganda wamo. Wengine wameokolewa na kurudishwa nyumbani. Yaani inawezekana kabisa kwamba aliyemwandikia mama mdogo alikuwa mtoto wa mtu, amefungiwa nyuma ya ukuta, ambaye naye siku moja aliuliza "hii ni kweli?" na akajibiwa vibaya. Ile karatasi ya bahasha imekua. Bado inamwambia aliyepigwa ampige mwenzake, ila sasa imeajiri walinzi wenye silaha.

Nilikwenda Tanga baada ya Idi Kubwa. Mama mdogo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, amefundisha hesabu miaka thelathini na zaidi. Nilimwamkia, akaitika, akanipa chai ya tangawizi na vitumbua. Hakuna aliyeanza. Mwishowe nikasema, "Mama, nisamehe. Nilikujibu kama mtu anayefukuza nzi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, ungeniuliza tu wameshanilipa ngapi, ningekuambia. Ningekuambia, na tungehesabu pamoja. Uliposema matapeli, nikaona umeniita mimi mjinga. Nikaona nikuonyeshe."

Akaingia ndani, akatoka na daftari la mistari, la shule. Alikuwa amechora safu tatu kwa rula: tarehe, nilichotoa, nilichopata. Mwandiko wake ni uleule wa ubaoni. Mstari wa kwanza, ametoa sifuri, amepata 8,000. Wa pili, 30,000 kwa 39,000. Wa tatu, 100,000 kwa 130,000. Hadi hapo alikuwa na faida ya 47,000. Mstari wa nne, 350,000, na safu ya tatu ni tupu. Wa tano, 790,000, tupu. Fedha ya kubadili bati za nyumba, sehemu ya kiinua mgongo chake.

"Nilichora baada ya kwisha," aliniambia. "Ningechora siku ya kwanza, ningeongeza na safu ya nne."

"Ya nini, mama?"

"Ya nani kanunua. Kila kazi ina mnunuzi. Mimi nilizipa hoteli nyota, haya, nani alizihitaji nyota zangu? Safu hiyo ingebaki nyeupe toka mstari wa kwanza, hata ule wa elfu nane."

Nimesoma miezi kadhaa kuhusu Boston na London na Myanmar, na hakuna aliyeniwekea jambo hili wazi kama yeye, kwa rula na kalamu ya wino. Swali la "ni kweli au uongo?" tapeli amelijiandalia jibu, atakulipa elfu nane. Swali la "nani kanunua?" halina jibu la kutengeneza. Msuka ukili analo jibu. Mama wa viberiti alikuwa nalo, hata katika dhiki yake. Ponzi hakuwa nalo.

Bati bado hazijabadilishwa. Masika yaliyopita aliweka ndoo mbili sebuleni. Ila kwenye kikoba chao cha wanawake, mtu akija na habari ya kazi ya simu, hawamkemei wala hawamcheki. Mama mdogo anamsalimia, anamkaribisha mkekani, na anafungua ukurasa mpya wa daftari wenye safu nne.