Tikiti na Daraja: Safari ya Ziwa Albert

Msafiri anayelipia safari, chakula na malazi kwa pamoja hukabiliwa na swali moja: je, inafaa kuongeza fedha ili kupanda daraja? Swali hili si geni katika Ituri.

Katika miaka ya 1930, aliyetoka Bunia kuelekea pwani aliteremka hadi bandari ya Kasenyi, akavuka Ziwa Albert hadi Butiaba, akapita Masindi kwa gari, kisha akavuka Ziwa Kyoga hadi Namasagali, ambako alipanda treni na hatimaye kufika Mombasa. Shirika la reli ndilo lililoendesha meli pamoja na treni, na hoteli yake ya Masindi ilijengwa mwaka 1923. Robert Coryndon, meli mashuhuri ya Ziwa Albert, ilianza kazi mwaka 1930.

Daraja la kwanza lilimpatia abiria chumba, kitanda na meza ya kulia. Wa daraja la tatu alikaa sitahani na mzigo wake na chakula alichofungasha nyumbani. Hata hivyo, tofauti hiyo haikuwa ya fedha tu. Chini ya ukoloni madaraja yalifuata rangi, na Mwafrika, hata mwenye uwezo, kwa kawaida alikutwa sitahani.

Lakini daraja lilibadili starehe tu. Meli ilikuwa moja, dhoruba moja, na saa ya kufika moja. Maji ya ziwa yalipofurika mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliizamisha Robert Coryndon yenyewe na kuiharibu bandari ya Butiaba. Huduma ikakoma kwa abiria wote.

Tarehe 22 Machi 2014, mashua iliyojaa wakimbizi waliokuwa wakirejea Kongo kutoka kambi ya Kyangwali, Uganda, ilizama katika ziwa hilohilo. Watu zaidi ya 100 walikufa. Humo hamkuwa na daraja la kuchagua.

Historia hii yatoa kipimo. Kabla ya kupima thamani ya kupanda daraja, yafaa kutenganisha kinachobadilika kwa fedha na kile ambacho wote hushiriki. Kitanda na sahani vyaweza kuuzwa kwa madaraja. Chombo imara, idadi halali ya abiria na jaketi la kuokolea ni haki ya kila mwenye tikiti, hata iliyo ya bei ya chini kabisa.