Chakula cha dirishani

Najua, nimekuwa kimya wiki mbili. Kazi za gazeti zilinikaba, halafu nikampeleka Mama Dodoma kumwona dada yake. Safari hiyo ndiyo imenirudisha kwenye mambo ya kale, kwa hiyo leo mnivumilie. Ni historia, ila historia yenyewe inanukia kuku wa kuchoma.

Tulipanda SGR ya asubuhi. Mama alikuwa hajaipanda tangu ianze kubeba abiria wa Dodoma Julai 2024. Alivaa gauni lake la kanisani, akabeba hotpoti ya chapati na mayai ya kuchemsha kana kwamba tunakwenda Kigoma. Treni iliposimama Morogoro akapeleka mkono dirishani kutafuta pa kushusha kioo. Hakuna. Kioo kizima, hakifunguki. Akanigeukia.

"Sasa hawa wa nje wanauzaje?"

Nikamwambia, Mama, hakuna wa nje. Akachungulia mwenyewe. Kulikuwa na mlinzi mmoja na abiria wanaokokota masanduku ya magurudumu. Akafunga hotpoti yake, hakusema neno mpaka tumepita Kilosa.

Ili uelewe ukimya ule ni lazima ujue kwamba Mama amezaliwa Saranda. Kwa msioijua, Saranda ni stesheni ya reli ya kati, wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, pale reli inapoanza kuukwea ukuta wa bonde la ufa kuelekea Manyoni mjini. Ukiuliza mtu yeyote aliyewahi kwenda Tabora au Kigoma kwa treni, hatakwambia habari za ukuta wa bonde la ufa. Atakwambia habari za kuku. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliouza kuku hao, na Mama, akiwa darasa la nne, ndiye aliyekuwa akishika beseni la mayai.

Baba kwao ni Kigoma. Alikuwa mtumishi wa serikali, na kila baada ya miaka miwili alipata nauli ya likizo ya familia nzima. Hizo ndizo safari zetu. Watoto wa wenzetu walisimulia Mombasa, sisi tulisimulia stesheni. Unaondoka Dar jioni, unalala, unaamka Dodoma kwenye zabibu na karanga. Mchana ni Saranda. Usiku Tabora, asali kwenye chupa za konyagi na maembe ya msimu. Alfajiri Uvinza, halafu ziwa. Ukifika Ujiji unakula migebuka iliyokaangwa kwa mawese na ugali wa muhogo, unalala mpaka kesho yake. Mpaka leo nikiulizwa mahali ninapopapenda kuliko pote kwa kula nje, najibu Ujiji, na watu wanadhani natania.

Kitu ambacho sikukijua wakati huo ni kwamba orodha hiyo ya vyakula ni ya zamani kuliko reli.

Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, miezi michache kabla ya vita kuu. Kiasi cha kilomita 1,250. Lakini hawakubuni njia. Kwa sehemu kubwa waliifuata ile iliyokwisha kukanyagwa na misafara kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo na Unyanyembe, hadi Ujiji. Na msafara ni matumbo kwanza, bidhaa baadaye. Fikiria wapagazi mia kadhaa, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani, miezi mitatu au zaidi njiani. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Tabora Novemba. Nani anawalisha watu hao?

Jibu liko kwenye maneno tunayotumia kila siku. Posho, ambayo sisi waandishi tunaijua kama hela ya semina, ilikuwa chakula cha mpagazi cha siku: kibaba kimoja cha nafaka, kama robo tatu ya kilo hivi. Wakishaingia bara, mara nyingi walipewa kitambaa au shanga badala ya nafaka, wakajinunulie wenyewe. Na hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ada halali waliyotoza watawala wa njiani, hasa Ugogo, kwa ruhusa ya kupita na kutumia maji. Wazungu waliiandika kama unyang'anyi. Mimi naona nchi kavu ile, ambako kisima kimoja kinanywesha kijiji, halafu wanakuja watu mia tano na punda wao kwa usiku mmoja, nashindwa kuwalaumu Wagogo.

(Kwa wapenda vitabu: si Wazungu peke yao walioandika. Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na humo kuna watu wa pwani wakisimulia safari zao kwa Kiswahili chao wenyewe. Inasikitisha kwamba shuleni nilisomeshwa Burton na Stanley, hao sikusikia hata jina.)

Basi kambi ya msafara ikawa soko. Wenyeji walileta unga, maziwa, asali, kuku, wakaondoka na kitambaa. Ugogo ilikuwa muhimu kwa sababu baada yake lilifuata pori la Mgunda Mkali, kavu na refu, na aliyeingia bila akiba alijuta. Ukitazama ramani, Saranda iko hapo hapo, mwisho wa Ugogo kabla ya pori. Sina hati ya kuthibitisha kwamba biashara ya bibi ilirithiwa moja kwa moja kutoka kwenye kambi za misafara, lakini mahali ni pale pale, na sababu ni ile ile: msafiri anakula sana anapojua mbele ni pori.

Nao misafara iliacha chakula nyuma. Mpunga wa Tabora uliletwa na wafanyabiashara wa pwani. Miembe ya Ujiji ni kumbukumbu yao pia. Uvinza ni tofauti, wenyeji walikuwa wakichemsha chumvi pale zaidi ya miaka 1,000 kabla ya reli, na misafara iliikuta.

Reli ilipokuja ikaja na madaraja. Wakati wa Waingereza, kwa vitendo, daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Kulikuwa na behewa la chakula lenye vitambaa vyeupe mezani, na hoteli za reli Dodoma na Tabora kwa wenye kustahili. Wa daraja la tatu alikula alichobeba au kilichomfikia dirishani. Injini za mvuke zilisimama mara kwa mara kunywa maji, na kila ziliposimama, wanawake wa kijiji walikuja na beseni. Sisi tunalikumbuka soko lile kama raha ya safari, na kweli lilikuwa raha. Ila lilizaliwa kwa sababu walio wengi hawakuwa na mahali pengine pa kula.

Uhuru ulifungua behewa la chakula kwa yeyote mwenye hela. Baba alitupeleka bafeti mara moja kwa safari, chai na mkate wa siagi, tukae vizuri, tusiguse guse. Kuku alikuwa wa Mama, na kuku alikuwa dirishani.

Mama ana sheria za dirishani alizofundishwa na bibi. Abiria anaogopa kutoa hela, kwa sababu muuzaji anaweza kupotea kwenye umati. Muuzaji anaogopa kutoa chakula, kwa sababu treni inaweza kuondoka nacho. Kwa hiyo mkono kwa mkono: huachii kimoja mpaka umekishika kingine. Na usimpe mtu sahani. Bibi alikuwa na sahani sita za bati, moja ikaenda Kigoma na abiria ambaye alisema atairudisha akimaliza. Tangu hapo kuku wake wakawa wa kufungwa kwenye gazeti. Kwa hela hiyo ya kuku bibi alisomesha watoto wanne. Mama akawa mwalimu.

Sitaki kuipamba treni ya zamani. Tulipopita Igandu, Mama alifanya ishara ya msalaba. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa mlima eneo lile, ikarudi nyuma na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Halafu mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yakang'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na likizo yetu iliyofuata tukaenda kwa basi, chipsi mayai za dakika kumi na tano huku konda anapiga honi. Hiyo sina la kuisimulia. SGR inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, ni safi, inaondoka kwa saa iliyoandikwa. Mikataba ya kuifikisha Tabora na Kigoma ilisainiwa 2021 na 2022. Ikifika nitapanda, na Mama atapanda.

Ila kwenye behewa letu alipita kijana na kigari cha biskuti na soda. Mama alimuuliza, hivi vinatengenezwa wapi? Akajibu, Dar. Katikati tulipita vijiji vyote vile, na hakuna hata yai moja lililopanda.

Dodoma tulipotoka nje ya stesheni, kijana mwingine alikuwa anauza zabibu kwenye vifuko. Mama akachagua, akabishana bei, akapata. Kisha akashika kifuko kwa mkono wa kushoto na noti kwa mkono wa kulia, na hakuiachia noti mpaka kifuko kimekuwa chake.

Kijana akacheka. "Mama, mimi siondoki."